Mwendo wa Ndoo Iliyojaa

Muziki wenyewe ni mfupi. Ukibandika maji ya chai wakati unaanza, utakwisha kabla hayajachemka. Ni karatasi moja tu, mbele na nyuma, na sehemu yake ya juu mchwa walishaila zamani, pale ambapo mtungaji huandika jina la muziki, jina lake mwenyewe, na lile neno la kumwambia mpigaji aende kwa mwendo gani: haraka, taratibu, au kwa madaha. Kwa hiyo mpaka leo sijui unaitwaje wala nani aliutunga. Ninachojua ni kwamba ni wa zamani, wa huko Ulaya, wa piano peke yake bila maneno, na kwamba katika mji wetu wote wa Masasi sijaona mtu mwingine aliyeujua isipokuwa mama yangu mkubwa.

Mama Mkubwa ni dada wa mama, na ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi siku za kazi na mpiga kinanda wa kanisa siku za Jumapili. Kanisa lina ukumbi pembeni, na ndani ya ukumbi kuna piano iliyoachwa na wamisionari. Ibada ikiisha, watu wakiwa nje wanasalimiana na kuulizana habari za mikorosho, yeye aliingia ukumbini, akafungua piano, akaitoa ile karatasi kwenye mkoba wake, akacheza. Hakuwa akimchezea mtu. Mimi nilikuwa nimekaa pale kwa sababu ufunguo wa nyumba alikuwa nao yeye na njaa ilikuwa inaniuma.

Nilipokua kidogo akanifundisha kupiga nyimbo za ibada, kwa makofi kwenye mgongo wa mkono na maneno makali, kama alivyowafundisha watoto wote wa darasa lake. Lakini ule muziki hakunifundisha. Nilipoomba alinijibu, "Nyimbo za kanisa ni za wote. Huu ni wangu." Nikanuna kwa wiki nzima, naye wala hakujali.

Sasa nieleze ulivyo, kwa lugha yetu ya kwaya. Doh yake, noti ya kwanza ya ngazi, ni F, lakini haukai kwenye doh, unakaa kwenye la, noti ya sita. Mwanakwaya yeyote anajua maana yake: nyimbo zinazokaa kwenye doh hupigwa harusini, na zinazokaa kwenye la tunaziweka kwa ajili ya Ijumaa Kuu na misiba. Mkono wa kushoto unakwenda sawasawa tangu mwanzo mpaka mwisho, noti ya chini, noti ya juu, chini, juu, hausimami. Mkono wa kulia ndio wenye wimbo, nao ni wimbo wa maneno machache, unasema jambo, unanyamaza, unalirudia kwa namna nyingine. Katikati kuna mistari michache ambapo muziki unahamia kwenye doh, ghafla kunakucha, halafu unarudi kwenye la na kuisha kwa sauti ndogo.

Nilimuuliza siku moja, "Mama Mkubwa, mbona unaupenda muziki wa msiba?"

"Nani kakwambia ni wa msiba?"

"Si unakaa kwenye la?"

"Wewe sikiliza miguu," akasema, akanionyesha mkono wake wa kushoto. Sikuelewa kitu, nikaitikia ili twende nyumbani tukale.

Nilipopata simu ya kisasa niliiwekea ile programu inayotambua nyimbo, isikilize. Ikazunguka, ikazunguka, ikasema haiujui. Siilaumu. Piano ile imeshuka sauti miaka na miaka, ukibonyeza F unapata kitu kilicho jirani na E, na fundi wa piano hatuna. Kwetu ngoma ikilegea inasogezwa kwenye moto wa nyasi kavu, ngozi inakaza, inarudi kwenye sauti yake na watu wanaendelea kucheza. Mzee mmoja wa kanisa, kwa nia njema kabisa, aliwahi kupendekeza tuiwekee piano jiko la mkaa chini yake. Alikuwa ameshalileta, limewaka. Mama Mkubwa alimtoa nje yeye na jiko lake, na tangu siku hiyo ufunguo wa ukumbi akawa anakaa nao mwenyewe.

Na hiyo sauti iliyoshuka aliipenda. Tulipoletewa kinanda kipya cha umeme kanisani, alikaa akaujaribu ule muziki humo, akaacha baada ya mistari miwili. "Umepanda," akasema. "Hapa unapiga kelele." Akarudi kwenye piano yake ya kale, yenye noti mbili zinazokwama masika na harufu ya panya, na nilipomsikiliza nikaona kweli, humo ulikuwa na sauti ya mtu anayeongea na jirani yake.

Kiharusi kilimpata asubuhi akiwa anachambua mchele. Mungu mkubwa, mdomo ulirudi, maneno yakarudi yote pamoja na yale makali, na mguu ulirudi kiasi cha kutembea na fimbo. Mkono wa kushoto haukurudi. Aliambiwa na daktari abonyeze mpira, akaubonyeza asubuhi na jioni mpaka mpira ukapasuka, tukanunua mwingine. Mwishowe aliweza kushika kikombe, kwa shida, chai ikimwagika. Vidole havikuachana.

Jioni moja nilikuwa namkanda ule mkono kwa mafuta, akaniambia bila kunitazama, "Nataka kitu kimoja. Nataka kuucheza tena ule muziki. Mara ya mwisho niliuharibu, yule mzee wako wa jiko alinisemesha katikati. Sitaki iwe ndiyo mara ya mwisho."

Namjua mama huyu, si mtu wa kuomba. Nilimaliza kukanda, nikamfuta mafuta, nikasema itawezekana tu.

"Itawezekana kesho," akasema. "Wa kulia ninao. Wa kushoto nipe wewe."

Mimi ni mwalimu wa hesabu wa sekondari. Nilidhani ni kazi nyepesi: noti ya chini, noti ya juu, mtoto wa darasa la nne angeweza. Tulikaa kwenye benchi moja, yeye upande wa kulia, mimi wa kushoto, fimbo yake imeegemea piano. Kwa kuwa karatasi haina neno la mwendo, nilitoa simu, nikawasha kile kipimo kinachogonga tik, tik, nikakiweka mbele yetu.

"Zima hicho kidudu."

"Mama Mkubwa, tusipokuwa na kipimo tutaachana."

"Tunaachana kwa sababu unahesabu. Mimi sihesabu hapa, natembea."

Nikazima. Tukaanza, tukaachana. Nikasema labda nakwenda mbio, nikapunguza. Ikawa mbaya zaidi. Nilikuwa nimeshajipa maelezo kichwani kwamba muziki wa la ni muziki mzito, na mtu mwenye mzigo mzito huenda pole, basi nikawa naweka kila noti kama anayeweka gunia chini. Mama Mkubwa akawa anaondoa mkono wake, ananiangalia, anaanza upya. Adhana ya alasiri ilipoanza kwenye msikiti wa jirani akaweka mkono mapajani, kama alivyofanya siku zote, akangoja iishe. Nilidhani atatulia. Ilipoisha akasema, "Unaniangusha," kwa sauti ya kawaida tu.

Lile neno lilinikera. Nilikuwa nimetoka kusahihisha madaftari ya darasa zima, nimekuja na jua lile, naambiwa namwangusha mtu! Nikamjibu kwamba kama anaujua sana mwendo wake anieleze basi ni upi, maana mimi si mchawi. Akafunga kifuniko cha piano kwa mkono wake mmoja.

"Sijui kuueleza," akasema. "Jumamosi twende Kitangari."

Kitangari ndiko kwao, na kwa hiyo ndiko kwetu, maana sisi tunahesabu ukoo kwa mama. Iko juu, upande wa Newala, kwenye uwanda wa mchanga mwekundu na mikorosho, na tangu enzi maji yake yako chini bondeni. Siku hizi kuna mabomba, na siku mabomba yakitoka watu wanachota uani. Siku yasipotoka, kila mtu anaijua njia ya bondeni. Mimi nilizaliwa na kukulia Masasi mjini, bomba liko hatua chache kutoka jikoni. Kitangari nilikuwa naenda kwenye misiba na harusi, nakaa na wageni, naletewa maji ya kunawa.

Tulikodi gari, yeye akakaa mbele na fimbo yake. Tuliacha nyuma ile milima ya mawe ya Masasi, gari likapanda, hewa ikabadilika, akafungua kioo akatoa uso nje kidogo. Njiani ndipo akaniambia habari za mwendo. Alipoipata ile karatasi alikuwa msichana wa shule, na neno la juu lilikuwa limeshaliwa. Noti alizijua, mwendo hakuujua. Akajaribu mwendo wa kwaya inapoingia kanisani, ukakataa. Akajaribu mbio, ukakataa. Akaja likizo Kitangari, akatumwa maji, na akiwa katikati ya mlima na ndoo kichwani akasikia muziki wote unapita kichwani mwake bila kukwama popote. "Nikajua ndio huu," akasema. "Sijaubadilisha tangu siku hiyo."

"Labda mtungaji alitaka mwingine," nikasema, maana bado nilikuwa na hasira kidogo.

"Labda. Angeandika chini, mchwa wasipofika."

Wifi yangu, mke wa mtoto wa kiume wa Mama Mkubwa anayeishi kule Kitangari, ndiye aliyepewa kazi ya kunipeleka. Bahati nzuri au mbaya, bomba halikutoka siku ile. Tulishuka asubuhi pamoja na wanawake wengine wa jirani. Kushuka ni sherehe: ndoo tupu zinagongana, watu wanaimba, wanasengenyana, na mimi nilikuwa chakula chao. "Leo mwalimu anakwenda shule," wifi akawatangazia. Walicheka mpaka bondeni.

Walinijazia ndoo, wakaweka tawi la majani juu ya maji yasiruke, wakanisokotea kitenge kuwa ngata, wakaniwekea mzigo kichwani. Nikaanza kupanda kwa mwendo wa mtu mwenye mzigo mzito, yaani polepole, nikiweka mguu, nikisubiri, nikiweka mwingine. Kabla ya kona ya kwanza mgongo wote ulikuwa umelowa.

"Wifi! Unakwenda hivyo umeona jeneza?" akaniuliza kutoka nyuma. "Ukienda pole yanacheza. Kila ukisimama yanakwenda mbele, ukianza yanarudi nyuma. Hatua fupi! Usimame kwa nini? Twende."

Akapita mbele yangu ili nimwone. Na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho nimekiona maisha yangu yote nikiwa mgeni bila kukitazama. Shingo haisogei. Mabega hayasogei. Kazi yote iko magotini na nyongani, hatua fupi fupi, nyepesi, za haraka kuliko nilivyofikiri, zote sawa, kwenye mwinuko na kwenye jiwe na kwenye mchanga. Hakuna hatua inayojitokeza kuliko mwenzake. Ni wepesi wa mtu mwenye kilo za maji kichwani na jua juu yake. Nilimwonea fahari kweli kweli, na nikamwonea fahari mama yangu mkubwa, aliyeuchukua mwendo huu bila kumwambia mtu akaupeleka Masasi na kuutia kwenye muziki wa Mzungu asiyemjua.

Nikaiga. Ilichukua sehemu kubwa ya mlima, na nguo yote ikalowa, lakini kuna mahali miguu ilikubali na maji yakanyamaza. Nikagundua pia kwamba wote tumenyamaza. Wale waliokuwa wanaimba wakati wa kushuka hawakutoa hata neno. Mtu angetuona kutoka mbali angesema wana nini hawa, wametoka kuzika? Hakuna aliyekuwa na huzuni. Kila mmoja alikuwa na kitu kilichojaa na hakutaka kimwagike, basi. Nilielewa kwa mwili mzima kwa nini Mama Mkubwa aliniambia nisikilize miguu, na kwa nini aliudhika nilipouita muziki wa msiba.

Njia inafika mahali inakuwa tambarare, na pale wakakutana nasi wengine wanaoshuka. "Hamjambo?" "Hatujambo, za nyumbani?" Wote wakisalimiana bila kugeuza shingo, sauti zimechangamka, kisha njia ikapanda tena, kimya tena. Nikasema moyoni, hii ndiyo ile mistari ya doh. Nikacheka, na kwa kucheka nikajimwagia tena.

Mama Mkubwa alikuwa amewekewa kiti juu, njia inapotokea kijijini. Hakuangalia ndoo yangu imebaki na kiasi gani. Aliangalia miguu yangu nikija, mpaka nilipompita.

"Haya," akasema. "Turudi Masasi."

Tuliingia ukumbini siku iliyofuata, alasiri, tukasubiri adhana iishe. Sikutoa simu. Nilianza mimi, peke yangu, chini, juu, chini, juu, nikiacha magoti yafanye kazi yake ingawa nimekaa, na sikuwa na haja ya kumtazama aingie lini, niliusikia mkono wake ukishuka mahali pake. Hatukuachana. Wimbo wa mkono wa kulia ulipita juu ya miguu yangu umetulia, unasema jambo lake, unanyamaza, unasema tena. Nilikuwa nimekaa na muziki huu tangu utoto na sikuwahi kujua kwamba wakati wimbo unanyamaza, miguu ndiyo inayoubeba. Tulifika kwenye doh, kukakucha. Nilitaka kupiga kelele kwa furaha.

Tuliporudi kwenye la mkono wake ukaacha kucheza.

Nikajua amechoka, nikataka kusimama. "Endelea," akasema. Nikaendelea na kushoto peke yake, miguu bila wimbo, mpaka chini kabisa ya karatasi.

Uso wake haukuwa wa mtu aliyeshindwa, na ndiyo maana nilishindwa kuusoma.

"Unajua," akasema, "huu muziki mimi sijawahi kuusikia."

Nikamtazama.

"Mama mmoja Mzungu wa misheni alinipa karatasi siku anaondoka. Hakunichezea. Niliusoma mwenyewe, noti moja moja. Na ukicheza husikii, mwanangu. Unashughulika. Unafikiria kidole kinachofuata. Sasa hivi nimeacha mkono kidogo tu, nimekusikia." Akainua mkono wake wa kulia kutoka kwenye piano, akauweka mapajani juu ya ule wa kushoto. "Jifunze na huu."

"Lakini si ulitaka uucheze?"

"Nimeshaucheza. Sasa hivi si tumecheza? Jifunze."

Alinifundisha masika yote, yeye aliyekuwa amesema muziki ule ni wake. Zile noti mbili zilikwama, tukazikwamua kwa kisu cha mezani. Alinipiga mgongo wa mkono mimi mtu mzima, mwalimu wa watu, na nilistahili. Nyumbani nilifanya mazoezi juu ya meza nikisubiri wali uive, chini, juu, mpaka jirani akaniuliza kama nina homa.

Mvua zilipoisha nilimwambia niko tayari. Alivaa gauni lake la kanisani, siku ya Jumatano. Hakukaa kwenye benchi la piano. Aliburuta fimbo yake mpaka kwenye viti vya nyuma, dirishani, akakaa, akaweka mikono yake mapajani, akafumba macho.

Nikaucheza wote, kwa sauti iliyoshuka ya piano ile na kwa mwendo aliouokota mlimani. Nilikosea noti kwenye mistari ya doh, nikapita, sikusimama. Noti ya mwisho ilipokwisha nikabaki nimekaa vile vile, mgongo nimempa, nasubiri anitajie makosa, maana hajawahi kukosa la kunisahihisha tangu nilipoanza kupiga kinanda. Nje bodaboda ilipita.

"Kumbe ni mzuri hivi," akasema.